Vitabu Vitatu na Mkono Mmoja

Kuna uchovu wa kulala ukaisha, na kuna uchovu wa Dobi. Huyu alikuwa akiamka nao, akiuvalisha shati, akitoka nao. Mchana alisimama nao mbele ya meza ya pasi, jioni alikwenda nao kusuluhisha ndoa za watu, na Jumapili alipanda nao mimbarani akawaambia waumini wafurahi. Mishipa ya miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama, na kifua kilikuwa kimemjaa siri za wengine. Miaka kumi na tisa watu walikuwa wakimmiminia yao, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye yake anayamwaga wapi. Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi.

Alikuwa dobi kwa kazi na mchungaji kwa kura. Kanisa lao lilikuwa dogo, la mabati, halina chuo cha kumtoa mchungaji wala mshahara wa kumweka. Mchungaji akifa, wazee huteua wanaume watatu. Jumamosi yake mtunza funguo hujifungia kanisani peke yake, huchora msalaba kwenye kipande cha karatasi, hukichomeka ndani ya kimoja kati ya vitabu vitatu vya nyimbo vinavyofanana, kisha huvifunga vyote kwa kamba. Kamba ikishafungwa haifunguliwi mpaka mbele ya watu. Jumapili vitabu huwekwa mezani, wale watatu hukalishwa mbele, na hakuna anayeitwa kwa jina. Atakayesukumwa na moyo ndiye huinuka, akachukua kimoja, akafungua. Akikuta karatasi, ni yeye. Akikosa, anaketi na kuinuka mwingine. Na karatasi ikishaonekana, vitabu vilivyobaki havifunguliwi kamwe. Kuvifungua, wanasema, ni kumchungulia Mungu.

Miaka kumi na tisa iliyopita Dobi aliinuka wa kwanza, akafungua, akakuta msalaba. Mwenzake mchinja nyama alimkumbatia mpaka mbavu zikalia, na mwalimu wa shule akamshika mkono kwa furaha ya mtu aliyesamehewa adhabu. Tangu siku hiyo Dobi alikuwa na sentensi moja ambayo aliitumia kama watu wanavyotumia mwavuli: "Si mimi, ni kura." Mwenye nyumba akilalamika kwamba wageni wa mchungaji wanamaliza maji, si mimi, ni kura. Mkewe akiuliza kwa nini chakula kinapoa kila siku mezani, si mimi, mke wangu, ni kura.

Miezi minne iliyopita mkewe alikuwa amefunga mabegi mawili akaenda kukaa kwa binti yao, mji mwingine, kulea mjukuu. Hivyo ndivyo walivyowaambia majirani. Mlangoni alisema jingine. "Sikuachi, baba watoto," alimwambia. "Ila nimechoka kuishi kwenye nyumba ambayo mlango wake haufungwi. Mwaka ukiisha kama bado uko na kanisa lako, usihangaike kuja kunichukua." Hakupandisha sauti hata kidogo. Dobi, ambaye alikuwa amesuluhisha ndoa za nusu ya mtaa, alijua kwamba mwanamke anayepiga kelele bado ana matumaini.

Mwaka ulikuwa umebakiza wiki tatu. Jumatatu hiyo Dobi alipiga moyo konde, akaenda kwa mzee wa kanisa, fundi nguo ambaye wote walimwita Mzee Mkasi, akamkuta ameinamia cherehani huku futi imemning'inia shingoni.

"Mzee, nataka kupumzika uchungaji."

Mzee Mkasi hakusimamisha mguu. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Mchungaji wa kura hapumziki," alisema. "Tunampumzisha sisi, kwa jeneza."

"Nimechoka, Mzee. Nyumba yangu inavunjika."

"Ningekuwa nimekuchagua mimi, ningekuachia leo hii. Lakini sikukuchagua mimi, wala kanisa halikukuchagua. Kabla hujazaliwa kitambaa kilishakatwa. Wewe na mimi tunashona tu pale palipochorwa chaki."

"Na kama sitaki kushonwa?"

"Nani alikuuliza? Yona aliulizwa?"

"Yona alipewa mji mmoja kwa siku arobaini, Mzee. Mimi nina mtaa mzima kwa miaka kumi na tisa."

Mzee Mkasi alicheka kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na imani iliyonyooka kama rula, na watu wa namna hiyo huwa wagumu kuwaegemea. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ukija kunionyesha kwamba kura ile ilikuwa na kasoro, hiyo ni habari nyingine. Kura yenye kasoro si kura, unakwenda kwa mkeo siku hiyo hiyo na baraka zangu. Bila hivyo, rudi kwenye kundi lako."

Dobi alirudi kwenye nguo zake. Alipiga pasi mashati kumi na moja bila kujua ya nani, na kama si alama za uzi kwenye kola angewapelekea watu nguo za wenzao. Alikuwa na hasira na Mungu, na alichoka zaidi kwa sababu hasira hiyo hakuwa na pa kuipeleka. Waumini wake walikuwa na bahati, wao walikuwa na mchungaji.

Kila Alhamisi, kwenye somo la jioni, hili ndilo swali lililokuwa likiwagombanisha. Kama Mungu alishachagua watu wake kabla ya dunia kuumbwa, mbona tunahubiri? Na kama sisi ndio tunaochagua, mbona tunamshukuru yeye? Wengine walisema Mungu huita mtu kwa namna ambayo hawezi kukataa. Wengine walisema Mungu hubisha hodi, na kitasa kiko upande wa ndani. Dobi aliwasikiliza wote na kuwajibu wote kwa upole, na rohoni alikuwa ameona kitu kimoja tu cha kuchekesha: anayeamini amechaguliwa huomba kama mtu anayechagua, na anayeamini alichagua mwenyewe hushukuru kama mtu aliyechaguliwa. Wakishuka magotini huwezi kuwatofautisha.

Jumatano mchana akaja binti wa Bibi Funguo, mikono ina povu la sabuni bado. "Mchungaji, mama anakuhitaji. Anasema uje leo, isiwe kesho."

Bibi Funguo alikuwa ameshika funguo za kanisa kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka watu wakasahau jina lake. Sasa miguu ilikuwa imemgomea. Dobi alimkuta kwenye kitanda kilichobanwa kati ya kabati na dirisha, pazia limefungwa nusu, paketi za dawa zimepangwa juu ya stuli, na redio ndogo inazungumza peke yake. Aliizima. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, maana kiti pekee kilikuwa kimelaliwa na nguo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango. Na leo usiniombee kwanza. Nisikilize."

Alifunga mlango. Bibi Funguo akasema, "Karatasi zilikuwa nne."

"Karatasi gani, Bibi?"

"Za kura yako."

Akamweleza bila kupamba. Jumamosi ile mjukuu wake alikuwa na homa siku ya tatu, na yeye alikuwa hajaonja usingizi siku tatu hizo. Alijifungia kanisani, akachora msalaba, akafunga vitabu vyote vitatu kwa kamba, na alipomaliza fundo la mwisho hakukumbuka kama karatasi aliichomeka au ilimponyoka mahali. Kufungua kamba ni mwiko. Na alikuwa akiijua kura tupu. Miaka ya nyuma mtunza funguo mmoja alisahau kuweka karatasi, wanaume watatu wakafungua vitabu vitatu na kukuta nyimbo tu, watu wakasema Mungu amewakataa wote, na kanisa likapasuka kati kwa kati. Basi Bibi Funguo alikaa chini akachora misalaba mingine, akaisukumiza kwa pembeni, katikati ya kurasa, bila kugusa kamba. Mmoja kila kitabu.

"Nikasema heri zizidi kuliko zikose," alisema. "Jumapili wewe ukafungua, watu wakaimba, vile viwili wakanirudishia. Nilipovitazama jikoni, kila kimoja kilikuwa na wake. Na hicho chako, ukikumbuka, ulitoa karatasi mbili."

Dobi alikumbuka. Zilikuwa zimeshikana. Alidhani ni moja imekunjwa.

"Nikazichoma chini ya sufuria ya chai. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa miaka kumi na tisa." Machozi yalikuwa yakimtiririkia masikioni kwa vile alivyolala, na hakuyafuta. "Sasa nijibu, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe ni mchungaji wa Mungu, au ni mchungaji wa Bibi Funguo? Umebatiza watu. Umezika watu, umemzika mume wangu. Kama nilimharibia Mungu kazi yake, nataka kujua sasa kabla hajaniambia mwenyewe."

Ukweli usemwe: kitu cha kwanza alichosikia Dobi moyoni kilikuwa furaha. Kasoro! Angetoka pale moja kwa moja mpaka kwenye cherehani ya Mzee Mkasi, na Jumapili angekuwa mezani kwa binti yake. Furaha ilidumu muda wa pumzi mbili. Ikafuata hasira, ya kutaka kumkunja yule mama kizee kitandani na kumuuliza kama anajua alichomfanyia. Halafu hata hasira ikachoka, akabaki anatazama paketi za dawa.

Maana majibu yalikuwa mawili na yote aliyaona wazi. Akisema, "Bibi, ile haikuwa kura," yeye anakuwa huru, na mama huyu atakufa akiamini kwamba alilikabidhi kundi kwa mtu ambaye Mungu hakumtuma, na kwamba mumewe alizikwa na dobi tu. Akisema, "Bibi, ilikuwa mipango ya Mungu," mama atalala usingizi leo, na yeye atakuwa amejifunga kamba kwa mikono yake, safari hii bila mtunza funguo wa kumlaumu. Alikuwa amejibu maswali ya watu miaka yote hiyo, na hakuna lililowahi kumgharimu yeye mwenyewe kiasi hiki.

Alitafuta jibu la tatu, na hapo ndipo Jumapili ile ilipomrudia, si kama alivyozoea kuisimulia bali kama ilivyokuwa. Mchinja nyama alikuwa akitazama viatu vyake. Mwalimu alikuwa akifuta miwani iliyokwisha kuwa safi. Yeye Dobi aliinuka. Katika kusimulia alizoea kusema kwamba aliinuliwa, kama aliyeshikwa kwapani. Lakini hakuna aliyemshika. Vitabu vyote vitatu vilikuwa na msalaba, kwa hiyo karatasi haikuchagua mtu. Kilichobaki ni mkono mmoja, na mkono ulikuwa wake. Na wiki nzima kabla ya hapo, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa akizihubiria nguo za watu juu ya meza ya pasi, mara anainua sauti, mara anaishusha, akijaribu jinsi itakavyosikika. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akiutaka uchungaji kama mwenye kiu anavyotaka maji, na aliona aibu kuutaka, na kura ikaja ikamfichia aibu yake.

"Bibi," alisema, na sauti ilimtoka nzito, "hukuharibu kitu. Ungeweka karatasi kitabu kimoja, ungekuwa umefungua mlango mmoja. Ulifungua yote mitatu. Aliyeingia ni mimi, na niliingia kwa miguu yangu."

"Kwa hiyo Mungu hakuchagua?"

"Sijui, Bibi. Nikikwambia najua nitakuwa naongopa mbele ya mgonjwa. Watu wenye akili kuliko mimi wameuliza hilo tangu zamani, wakagawana makanisa bila kugawana jibu. Lakini akitaka kuwaita watatu kwa mpigo, nani atamwambia aite mmoja?"

Bibi Funguo alimgeukia. "Na kama wewe ungebaki umekaa?"

"Angeinuka mchinja nyama, angekuta msalaba, na leo ungekuwa unamuuliza yeye."

"Yule!" Bibi Funguo alicheka mpaka akakohoa. "Angetuhubiria na kisu mkononi." Kisha akafuta mdomo. "Na Mungu alikuwa anajua ni wewe?"

"Alikuwa anajua. Kujua si kusukuma, Bibi. Wewe unajua binti yako akienda sokoni atachelewa. Umewahi kumchelewesha?"

"Huyo hahitaji msaada wa mtu." Alimshika mkono, vidole vyake vikavu na vyepesi. "Basi kama kuna kosa?"

"Ni langu. Wewe ulikuwa na usingizi wa siku tatu. Mimi nilikuwa macho."

Alimwombea, kwa ufupi, na kabla hajafika amina mama alikuwa amelala mdomo wazi. Mlangoni binti aliuliza kuna nini. "Alikuwa na la kuungama, na limekwisha," Dobi alisema, na akajua hapo hapo kwamba hataweza kumpelekea Mzee Mkasi kasoro ile. Neno la kitandani kwa mgonjwa halitembei. Kasoro pekee ambayo ingemfungulia mlango alikuwa ameizika kwa mdomo wake, na cha ajabu ni kwamba hakuihitaji tena. Mtu aliyeinuka mwenyewe anaweza kuketi mwenyewe. Hilo lilimtisha kuliko jeneza la Mzee Mkasi.

Alifika chumbani kwake kazini jua likiwa bado kali, akafunga mlango, akampigia mkewe. Huko upande wa pili mtoto alikuwa akilia, kisha akaacha.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza. "Wewe hupigi simu mchana."

"Nilinyoosha mkono mwenyewe," alisema.

"Siku gani?"

"Siku ya kura. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nautaka uchungaji, mke wangu. Nilikuwa nautaka tangu kabla hawajaniteua, na miaka yote nimekwambia nimelazimishwa."

Upande wa pili alisikia mlango ukifungwa.

"Najua," mkewe alisema. "Nilikuwa safu ya pili. Wenzako walikuwa wamekaa kama waliomwagiwa saruji. Wewe ulikuwa umeshaanza kuinuka wimbo haujaisha."

"Umejua miaka kumi na tisa?"

"Nimejua tangu siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kila nikifungua mdomo, Mungu alikuwa ameshasema. Ningekuwa nagombana na wewe, ningeshinda hata siku moja moja, kama wake wengine. Ulinigombanisha na Mungu. Mazishi ya mama yangu uliyakosa kwa sababu ya arusi ya watu, na niliporudi na kanga ya msiba kichwani uliniambia si mimi, ni kura. Unakumbuka? Nikanyamaza. Ungeniambia tu, 'Niliona arusi ile ni muhimu zaidi,' ningekasirika mwezi mzima, halafu ningekusamehe. Kura ningeisamehe vipi?"

Dobi aliketi juu ya rundo la nguo za watu, safi, zilizokwisha kunyooshwa. Hakujali. "Nisamehe mimi," alisema.

"Sasa ndiyo nimepata wa kumsamehe." Sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mumewe, na hilo lilimuuma Dobi kuliko maneno. "Lakini niulize kwanza. Hujawahi kuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kile mume anachomuuliza mkewe kabla hajainuka."

Alikuwa ameuliza maharusi wengi kama wanakubali, na hakuwahi kuogopa jibu lao. "Unataka niwe mchungaji?"

"Hapana," mkewe alisema. "Sitaki. Nilikuwa sitaki siku ile, na leo sitaki zaidi."

"Nimesikia."

"Na wewe? Sema kweli sasa, maana tumeanza. Bado unataka?"

Alitaka kusema hapana. Miguu ilisema hapana, mgongo ulisema hapana, na siku mbili tu zilizopita alikuwa amekwenda kumwomba Mzee Mkasi amfungue. Lakini alikuwa ametoka kwenye ndoo ile, kando ya kitanda kile, na alijua furaha aliyoisikia pale Bibi Funguo alipocheka.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka sana, lakini bado nataka."

Mtoto alianza kulia tena kule, kwa mbali, na mkewe hakwenda kumchukua.

"Kwa hiyo utabaki?"

"Jumapili nitawaambia naacha."

"Utawaambia Mungu kasema?"

"Nitawaambia nimesema mimi. Wakikasirika, wanikasirikie mimi."

"Na bado unataka kuendelea. Sasa kwa nini unaacha?"

"Kwa sababu nimekuuliza," alisema Dobi, "na wewe umejibu."